Mama yangu anasahau sana, huu ni uzee au ni ugonjwa? Naombeni ushauri

Kitindamimba_Kibosho:
Wakuu habari za jioni. Naleta hili hapa kwa sababu nyumbani hatuelewani, kila nikiongea naonekana namzushia mama.

Mama ana miaka 73, anakaa Kibosho, mimi niko Arusha, napanda kumwona kila wikiendi nikipata nafasi. Kusahau alianza zamani, anataja majina ya watoto wote ndo afike kwa la kwangu, miwani anaitafuta kumbe iko kichwani, hayo hatukuyajali maana hata sisi yanatupata.

Ila tangu mwaka jana mambo yamebadilika. Aliuza ndizi Kiboriloni, akarudi analia kwamba binti wa kazi kamwibia elfu themanini, tukaamini, binti wa watu tukamrudisha kwao. Baada ya kama miezi miwili kaka anachota unga wa ulezi kwenye ndoo anakuta hela yote imefungwa kwenye kona ya leso ya mama mwenyewe. Tulipomwonyesha hakusema kumbe niliweka mimi, alisema yule binti karudi usiku kuificha ili atuaibishe.

Kilichonifanya niandike ni Jumamosi hii. Tuliingia shambani kuchuma kahawa. Mama kachuma kahawa tangu hajaolewa, yeye ndo katufundisha sote, zamani ukitia punje moja mbichi kwenye ndoo anaitoa anakurudishia mkononi bila kusema neno. Jumamosi ndoo yake ilikuwa nusu nyekundu nusu kijani. Nikamwambia mama hizi bado, akachukua moja nyekundu na moja ya kijani akaziweka kiganjani, akaziangalia mda mrefu kweli, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa tunatoa zipi?"

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kaka mkubwa anasema uzee tu. Dada anasema kuna mtu kamchezea kwa ajili ya ule ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo. Zahanati moja tuliyompeleka walimwangalia dakika tano wakasema umri umeenda, wakampa vitamini. Nifanyeje?

MamaWawili_Majengo:
Pole sana dada/kaka. Mama mkwe wangu alianza hivyo hivyo, yeye alikuwa anatia chumvi kwenye mtori mara tatu na ukimwambia anakasirika. Tulikaa miaka miwili tunasema uzee. Usikae kama sisi.

Mzee_wa_Himo:
Mimi nakubaliana na dada yako, mambo ya kihamba si ya kuchezea, mpelekeni mama akaombewe kwanza.

Nesi_Mstaafu:
Mzee wangu shikamoo. Maombi hayana ubaya na mama aombewe, ila naomba tusianze kutafuta mchawi, nimeona familia zimevunjika na bibi wa watu kutengwa kwa jambo ambalo lilikuwa ugonjwa wa ubongo.

Mwanangu uliyeuliza, nimekuelewa vizuri sana kwa ile kahawa. Mtu mzima akizeeka ubongo unakuwa mzito, jina linagoma halafu linakuja akiwa anaosha vyombo, anasahau miadi lakini ukimkumbusha anasema ooh kweli. Anajua kwamba amesahau. Demensia ni kitu kingine, jambo lenyewe linakuwa kama halikuwahi kutokea, hata ukimkumbusha hapati pa kulishika, na polepole kazi aliyoifanya miaka yote inaanza kumshinda, kupika, kuhesabu chenji, njia ya kanisani. Kuweka kitu mahali pa ajabu halafu kumshuku mtu wa ndani ni dalili tunayoikuta sana, na anaposema kaibiwa hadanganyi, kwake ni kweli kabisa. Msibishane naye, mtafutieni tu hicho kitu.

Lakini usihukumu bado, maana yapo mengi yanayofanana na demensia na yanatibika: tezi ya shingo ikilegea, upungufu wa vitamini B12, sonona hasa kama amefiwa, masikio kutosikia vizuri, sukari, virusi vya UKIMWI, kaswende ya zamani. Na dawa! Niambie anakunywa nini. Piriton ambazo wazee wanapewa ili walale, na zile za amitriptyline za ganzi ya miguu, zinavuruga kumbukumbu ya mzee kabisa.

Presha mmempima?

Kitindamimba_Kibosho:
Shikamoo nesi, asante mno. Presha anayo, dawa anakunywa akijisikia. Na Piriton ndiyo, kila usiku, ananunua mwenyewe duka la dawa, mwaka wa tatu huu.

Nesi_Mstaafu:
Marahaba. Basi hayo mawili yafike kwa daktari mapema. Presha isiyotulizwa inaharibu mishipa midogo ya ubongo, hiyo nayo inaleta demensia ya aina yake. Nendeni hospitali, Mawenzi au KCMC hapo Moshi, na vidonge vyote mkononi, vifungeni kwenye mfuko mmoja. Mwambieni daktari hayo ya kahawa na leso kama ulivyotuandikia, usimwambie tu "anasahau".

Kijana_wa_Hai:
Naongezea, angalia na kasi. Baba yangu alichanganyikiwa ndani ya wiki mbili tu, kumbe aliteleza bafuni akagonga kichwa, damu ilikuwa imevilia. Alifanyiwa upasuaji na leo anasoma gazeti. Kwa mzee hata UTI au malaria inaweza kumchanganya kwa siku chache. Ikija ghafla ni dharura, usingoje kliniki.

Halafu mama asiogope kwamba atapewa mtihani wa kusoma. Huku Hai watafiti waliwapima wazee wa miaka 70 kwenda juu mwaka 2010, wakakuta kama 6 katika kila 100 wana demensia, na kikatengenezwa kipimo cha wazee ambao hawakwenda shule: taja wanyama dakika moja, daraja ni kitu gani, mwenyekiti wa kijiji nani, panga njiti za kiberiti kama mimi.

MamaWawili_Majengo:
Na dirisha la wazee ulizeni, msipange foleni ndefu na mgonjwa wa hivyo, anachoka anataka kurudi nyumbani.

Kitindamimba_Kibosho:
Wakuu nimerudi. Kaka nimemsomea uzi wote kwenye simu, amekaa kimya, mwisho kasema Jumanne atatuendesha yeye. Dada ataenda kumwombea na hospitali pia atakuja. Piriton nimeziweka kwenye ule mfuko.

Leo asubuhi nimempigia yule binti wa kazi kumwomba msamaha. Kalia, nami nikalia. Halafu akaniambia kwamba mwezi mzima kabla hatujamfukuza, mama alikuwa anaamka alfajiri anamuuliza mlango wa kwenda jikoni ni upi, naye anamshika mkono anampeleka, akaogopa kutuambia tusije tukasema anamsema mama vibaya. Nimemwomba na hilo niliandike kwenye karatasi ya daktari, amekubali.

Nesi_Mstaafu:
Liandike la kwanza kabisa mwanangu. Na uandike mwezi ulioanza.