Mjadala: Mkutano wetu wa kitaifa wa tiba ya usemi na lugha uendeshwe kwa lugha gani?

Mwanzisha mjadala

Wenzangu, naanzisha mjadala huu kabla kamati haijafunga ajenda. Rasimu iliyopo inasema mkutano utakuwa wa siku 2, Dar es Salaam, mwanzoni mwa Julai, kwa Kiingereza, na watakaoingia ni wataalamu peke yao. Mengine yanazungumzika. La lugha ndilo linalonikosesha usingizi.

Fikirieni kazi yetu ya Jumatatu asubuhi. Mama anaingia na mtoto wa miaka 3 asiyeongea. Alishampeleka akakatwa udata, ule utando wa chini ya ulimi, maana ndivyo alivyoshauriwa mtaani, na mtoto bado kimya. Natakiwa nimweleze mama huyo tofauti ya kuchelewa kuongea, usonji na kutosikia, na yote hayo niliyasoma kwa Kiingereza. Kwa hiyo najitafsiria pale pale mezani. Mwenzangu wa hospitali ya pili naye anajitafsiria kivyake. Mzazi anarudi nyumbani na majina mawili ya tatizo moja, na hapo ndipo anapoanza kutuona waongo.

Vipimo ndiyo vinanisumbua zaidi. Mtoto akisema "nimekuletea", anayehesabu maneno atasema katamka neno 1. Lakini humo ndani mna mtenda, wakati, mtendewa na kitenzi kilichonyambuliwa! Ukimpima kwa fomu ya Kiingereza inayohesabu maneno, anaonekana yuko nyuma ilhali kasarifu kitenzi barabara. Fomu hizo hizo zinasaka konsonanti za mwisho wa neno, wakati maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Mb, nd, ng' ya ng'ombe na gh ya ghali hazigusi. Na yule anayesema "kurara" badala ya "kulala", ana tatizo la matamshi au ndivyo wanavyosema kwao? Bila kujua lugha ya nyumbani kwake, unaweza kumtibu miezi sita mtoto mzima.

Kwa wagonjwa wa kiharusi ni vilevile. Mzee mwenye afasia, yaani aliyepotewa na lugha baada ya kiharusi, aliniambia "kiti mzuri", "vitabu yangu". Ngeli zimemtoroka. Nilisikia vizuri kabisa, ila fomu yangu haina mahali pa kuandika jambo hilo, kwa sababu aliyeitunga hakuwa na ngeli kichwani.

Pendekezo langu: mkutano uwe wa Kiswahili, na siku ya kwanza nzima tukae na watu wa BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) na wanaisimu tukubaliane istilahi na tuanze kutunga kipimo chetu. Semeni.

Mtaalamu, Dar es Salaam

Dada, uchungu wako nauelewa, lakini sikubaliani nawe. Fani yetu ni changa. Wenzetu wa Makerere wameanza kufundisha shahada hii tangu 2008. Tukitaka wahadhiri wao, na wale wa India na Afrika Kusini, waje kutunoa, tutawaambia nini? Kijana aliyehitimu juzi anahitaji kusimama mbele ya watu wa nje na kuitetea kazi yake. Tukijifungia, ndio tutabaki nyuma.

Kuna jambo jingine. Neno la Kiswahili lililotungwa haraka linaweza kumpotosha mzazi kuliko la Kiingereza lililoelezwa vizuri. Mnakumbuka tulivyokuwa tukisikia watoto wakiitwa "mabubu" kwenye fomu za rufaa? Lile ni Kiswahili, na limeumiza watu. Istilahi si kazi ya siku moja ukumbini.

Mama wa mtoto mwenye kipandikizi cha sikio, Mbeya

Samahanini, mimi si mtaalamu, ila nimeona niseme. Wanangu, huku kwetu mtu akisikia mtoto amewekewa kipandikizi, kile kifaa cha kusikia cha ndani ya sikio, anadhani kesho yake ataongea. Hakuna aliyeniambia mapema kwamba kazi kubwa ni baada ya upasuaji, kumzoeza kusikia na kutaja, kila siku, mimi mwenyewe nyumbani. Nilialikwa semina moja ya wazazi. Mtoa mada aliongea Kiingereza saa nzima, sisi tukatikisa vichwa. Niliogopa kuuliza. Nilipoteza miezi ambayo mwanangu hatairudia.

Mkisema wazazi tusiingie, hayo mtayasikia wapi? Na mkiweka Julai mwanzoni, Dar kuna maonyesho ya Sabasaba, nyumba za wageni zinajaa. Dodoma kwangu ni karibu zaidi, na ninyi wa Dar mna treni.

Mtaalamu wa lishe, Moshi

Mimi naunga mkono kwa sababu ya chungu cha jikoni tu. Wagonjwa wenye shida ya kumeza tunawapangia vyakula kwa mfumo wa kimataifa wenye ngazi 0 hadi 7. Kinywaji unakipima kwa sirinji ya mililita 10, unakiacha kitiririke sekunde 10, unaangalia kimebaki kiasi gani. Rahisi. Lakini ukimwambia binti anayemuuguza babake "ngazi ya 3", atapika nini? Tuleteni uji wa lishe, mtori, maziwa mgando na mlenda, tuvipime mbele ya watu wote, kila ngazi ipate jina linaloeleweka jikoni. Mgonjwa akipaliwa na uji mwepesi ukaingia mapafuni, anaweza kupata nimonia, na wengine hawaamki.

Mtaalamu, Dar es Salaam

Mama wa Mbeya, pole sana. Hapo umenigusa na sina jibu la kukupa. Kuhusu wazazi nabadilisha msimamo: waingie, na wasilipe ada. Dodoma pia sawa. Lakini wageni wa nje bado wananitia wasiwasi, na mkalimani ni gharama. Nani atabeba?

Mwanzisha mjadala

Kaka, ahsante kwa kusikiliza. Kuhusu "mabubu" umesema kweli, na ndiyo sababu siku moja haitoshi kutangaza istilahi. Itoshe kuzikusanya na kuzibishania, kisha kamati ndogo iendelee nazo na BAKITA.

Wageni waje. Mada zao 2 au 3 zitolewe kwa Kiingereza, na mmoja wetu asimame kando afasiri. Tusiajiri mkalimani wa kukodi asiyejua afasia ni nini. Tufasiri sisi kwa zamu. Vijana waliohitimu juzi wapewe kazi hiyo kwanza, wapate mada wiki 2 kabla wajiandae. Akishindwa kulieleza jambo kwa Kiswahili pale jukwaani, tutakuwa tumejua neno gani linakosekana, na tutaliandika.

Kuhusu tarehe, napeleka kwenye kamati wiki ya tarehe 22 Oktoba, siku ya kimataifa ya kigugumizi, Dodoma. Nawaomba watu wenye kigugumizi wenyewe wapewe nusu siku yao, na kengele ya muda isipigwe mtu anapoongea.

Kila atakayejiandikisha aandike maneno 5 anayoyatumia kila siku kwa wazazi, na mkoa anakofanya kazi. Nakusanya kuanzia leo. Langu la kwanza ni "kupaliwa". Wa Pwani na wa Kanda ya Ziwa, ninyi mnasemaje mgonjwa akikohoa katikati ya kunywa?