Mwezi ujao nafunguliwa kifua. Naomba waliopita humo wanijibu

MamaZai
Habari zenu. Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro, nina miaka 33 na mtoto mmoja wa darasa la pili. Utotoni mafindofindo hayakuniacha. Mama alinisukutulisha maji ya chumvi, yanapoa, maisha yanaendelea. Kumbe yalikuwa yanaula moyo. Mwaka jana nikaanza kuhema nikipanda ngazi, baadaye nikawa silali bila kuegemea mito. Kipimo cha eko, ile picha ya moyo, kikaonyesha mlango mmoja wa moyo, unaitwa mitral, umekakamaa, haufunguki vizuri. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI) pale Muhimbili wamenipa tarehe: wanautoa, wanaweka wa bandia.

Pole nimepewa nyingi, Mungu awabariki. Sasa nataka majibu.

Daktari kasema tuamue pamoja, mlango wa chuma au wa mnyama. Alinieleza vizuri tu, nami nikaitikia kila kitu, nimefika Msamvu nusu imeshapotea. Ninachojua ni kwamba nataka mtoto mwingine.

Halafu nimeandikiwa kwenda kwa daktari wa meno. Meno na moyo wapi na wapi?

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi, na mume wangu sijamwambia. Kufa nimemwachia Mungu. Naogopa kuamka. Jirani kanisimulia kwamba unaamka na bomba kooni, mikono imefungwa, sauti hakuna. Mimi hata blauzi ya kubana shingo sivai. Ni kweli?

BabuSaa
Dada, hilo jina wamenipa wajukuu. Nina wa chuma, na usiku kukitulia unalia tik tik kama saa ya ukutani. Mwezi wa kwanza nilikuwa naamka kuusikiliza, siku hizi nikitaka kuusikia lazima nitege sikio.

Uzuri wake ni kwamba hauchakai. Ubaya wake ni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, mpaka unaingia kaburini. Bila hiyo damu inaganda kwenye mlango. Na unapimwa INR, kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, mara kwa mara. Mimi wananitaka kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka damu inaweza kuganda, ikipanda unaweza kuvuja damu hata ndani kwa ndani. Watu watakuambia usile tena mchicha wala kisamvu. Kula, ila kwa kiasi kilekile kila wiki, usipitishe mwezi mzima bila kuonja halafu ukamaliza sufuria Jumapili. Diclofenac za kununua dukani kwa maumivu ya mgongo, sahau. Na mizizi ya waganga ndiyo usiiguse kabisa.

Wa mnyama huwa ni wa nguruwe au umetengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Kama dini inakuhusu, uliza mapema upi upo.

Sista_wa_zamu
Mdogo wangu, mimi ni muuguzi, nimefanya ICU ya moyo, chumba cha wagonjwa mahututi. Naanza na lako la mwisho.

Ni kweli, bomba linakuwepo. Mashine inakupumulia mpaka uamke vizuri na kupumua mwenyewe, na mara nyingi linatolewa ndani ya saa chache. Sauti haitoki kwa sababu bomba limepita katikati ya nyuzi za sauti. Likitoka sauti inarudi, ya kukwaruza kidogo. Mikono ikifungwa, inafungwa kwa kitambaa laini usije ukalivuta ukiwa bado na usingizi. Wengi hawakumbuki saa zile. Utakuta pia mipira kifuani ya kutoa damu iliyobaki, mpira mwembamba kwenye mshipa wa shingoni na mpira wa mkojo. Usishtuke, ni ya kila mgonjwa.

Haya ya blauzi mwambie daktari wa usingizi, maneno hayohayo. Si aibu, ni taarifa anayoihitaji. Omba uonyeshwe ICU kabla, na mkubaliane ishara: kukaza mkono mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

Meno: wadudu wa fizi iliyooza wanaingia kwenye damu na kupenda kukaa kwenye mlango wa bandia. Wakishakaa, kuwatoa ni vita. Ndiyo maana jino bovu linang'olewa kabla. Hata baadaye, ukitaka kung'oa jino, waambie una mlango wa bandia upewe antibayotiki kwanza. Na kama unachoma Penadur kila mwezi, ile sindano ya penisilini ya kuzuia ugonjwa ulioharibu moyo usirudi, usiache bila kuambiwa. Operesheni haiondoi hiyo.

Kuhusu mtoto: warfarini inapita hadi kwa kichanga tumboni na inaweza kumdhuru, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Mwenye chuma anaweza kuzaa, lakini mimba inapangwa na daktari wa moyo kabla haijaingia, wakati mwingine kwa kuhamia sindano za heparini, nazo za kuzuia damu kuganda. Wa mnyama mara nyingi unakuepusha na warfarini ya maisha, ila kwa kijana unachoka mapema, na kifua kinaweza kufunguliwa tena. Lakini uliza mapigo yako yakoje. Kama yanakwenda ovyo, hata wa mnyama huenda usikutoe kwenye dawa za kuzuia damu kuganda.

Wa_Tabata
Mimi nilikuwa upande wa mume. Mwambie mwenzio leo. Kuna watu wa kuchangia damu wa kutafuta mapema, na mtoto atalala kwa nani. Mke wangu alinificha hofu yake, nikadhani yuko imara, nikaenda kazini siku ambayo alinihitaji.

MamaZai
Asanteni sana, wote. Nimemwambia. Kumbe naye alikuwa halali. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, nitarudi lini?

BabuSaa
Mfupa wa kifua unahitaji wiki 6 hadi 8 kushikana. Ndoo ya maji usiinue, hata mtoto usimbebe. Ukikohoa kumbatia mto. Kukanyaga waulize wao. Na usishangae ukilia bila sababu. Mimi nililia kwa kuletewa chai iliyopoa, mzee mzima.

MamaZai
Kliniki ni Alhamisi. Nimeandika kwenye daftari la vipimo vya wateja: mapigo yangu, aina ya mlango, mimba.

Sista_wa_zamu
Ongeza: dawa ipi niache, na lini. Beba vidonge vyote unavyomeza, na ile chupa ya mitishamba uliyoificha kabatini.