Wino wa mhuri unafanya mabaka kwenye kadi ya Idi, nisaidieni

Mkarafuu_Mchanga: Assalamu alaykum wanajukwaa. Niko Wete, natengeneza kadi ya Idi kwa mkono. Nakata mwezi wa karatasi, naushikiza juu ya kadi, kisha nagonga wino kuuzunguka kwa sponji ili nikiubandua ubaki mwezi mweupe kwenye rangi za machweo. Lakini wino unakaa juu juu, una mabaka, na tangu jana bado unatoka kidoleni. Kadi inatakiwa ifike Unguja kabla ya sikukuu.

BintiWaMkunazini: Waalaykum salaam mdogo wangu. Usitoke kwenye wino moja kwa moja ukaipiga kadi. Gonga kwanza kwenye karatasi chakavu mpaka alama iwe hafifu. Anzia nje ya ukingo, ingia ndani kwa kuzungusha mkono mwepesi. Manjano kwanza, chungwa, halafu nyekundu. Zambarau ikipanda juu ya manjano utapata tope. Na kipande cha godoro ni bora kuliko sponji ya vyombo, matundu yake madogo.

Baharia_Mstaafu: Mie nikiwa melini nilimtumia mke wangu kadi kila bandari. Anazo sandukuni hadi leo. Vijana mnasambaza picha moja ya mwezi kwa simu, hata jina la mtu hamuandiki. Hongera binti.

Fundi_Mihuri: Karatasi gani hiyo?

Mkarafuu_Mchanga: Ngumu, nzuri, ina ukingo wa dhahabu.

Fundi_Mihuri: Inang'aa?

Mkarafuu_Mchanga: Inang'aa. Ni kadi za mwaliko zilizobaki, nyuma hazina maandishi.

Fundi_Mihuri: Basi mkono wako hauna kosa. Wino wa mhuri hukauka kwa kunywewa na karatasi. Hiyo imepakwa utando, wino hauna pa kuingia, na unyevu huu wa masika ndiyo kabisa. Nunua manila.

Mkarafuu_Mchanga: Nataka hizi hizi.

BintiWaMkunazini: Mwaliko wa harusi ya nani?

Mkarafuu_Mchanga: Yangu. Haikufika. Kadi naipeleka kwa mama yake, amenipokea kama mwanawe na mpaka leo ananipigia kunijulia hali. Nataka ajue sikuzitupa. Msiniambie nisipeleke, nimeshaongea na kijana anayesafiri na boti ya Mkoani.

Ustadhi_Chake: Kumkumbuka mzee ni kheri, binti yangu. Lakini mwanawe huenda ameshaoa. Majina yenu wawili yakiingia nyumba ile, nia yako safi nani ataiona? Mke wa mtu atalala na maswali.

Paka_wa_Forodhani: Jamani mnatungiwa hadithi. Kadi zikichapwa zinagawiwa. Hizi zilibakije? Kesho tutaambiwa na bwana harusi amerudi.

Baharia_Mstaafu: Hata mie hapo nimeshtuka.

Mkarafuu_Mchanga: Zilichapwa Unguja. Kifurushi kimefika huku wazee wa pande zote mbili wameshakaa na kuvunja. Hakuna aliyekifungua ila mimi, juzi. Mkiamini msiamini, mama wa watu yupo na Idi inakuja.

BintiWaMkunazini: Paka, hata kama katunga, swali la wino ni la kweli. Muacheni.

Fundi_Mihuri: Fanya hivi. Kata manila iwe pungufu ya kadi kwa nusu sentimita kila upande. Igonge rangi ikiwa peke yake, iache ikauke usiku kucha, kisha ibandike upande ule mtupu. Dhahabu itaonekana kotekote. Upande wa majina bandika manila nyeupe, uandike salamu zako hapo.

Mkarafuu_Mchanga: Manila naipata hapa hapa. Upande wa majina siufuniki.

Ustadhi_Chake: Ufunike, mwanangu. Nakuomba.

Mkarafuu_Mchanga: Jina lake nitalifunika. Langu libaki, mama ajue kadi imetoka kwa nani.

BintiWaMkunazini: Hapo mie sina neno.

Fundi_Mihuri: Basi manila ya upande huo ikate kwa kupima jina. Gundi iwe kidogo na ya kukauka, ukiimwaga karatasi itajikunja. Weka kitabu kizito juu yake mpaka asubuhi.