Naomba ushauri: mwanafunzi wa mwaka wa pili natafuta kazi ya mtandaoni ya kuanzia

Binti wa Simiyu

Wakuu, habari za jioni.

Nipo mwaka wa pili Dodoma, nasoma ualimu, masomo yangu ni Kiswahili na Jiografia. Mkopo ninao, ila asilimia niliyopangiwa haifiki ada yote. Bumu (hela ya kujikimu ya mkopo) likitoka linagawanyika kabla sijalishika vizuri: kodi ya chumba huku Ng'ong'ona, daftari na michango ya mdogo wangu aliye kidato cha tatu, kinachobaki ndiyo chakula. Mama anauza dagaa sokoni Bariadi. Naona aibu kumpigia kumwomba hela wakati najua mtaji wenyewe ni wa kuzungusha.

Nina laptopu ya mtumba yenye RAM ya 4GB, betri haifikishi saa moja, lakini inawaka na inafanya kazi. Nachapa haraka kwa sababu likizo nilikuwa nasaidia steshenari kuchapa ripoti za watu.

Mwezi wa tatu niliingizwa kwenye kundi la Telegram la "kazi za kulaiki video". Nikalipa 30,000 ya kufunguliwa akaunti. Siku ya kwanza nikaingiziwa 4,000, nikafurahi. Siku ya pili wakataka 80,000 ili nipande daraja. Nilipokataa wakanitoa kundini. Ile ilikuwa hela yangu ya kula, na sikumwambia mtu yeyote hadi leo.

Naomba kujua: ni kazi gani ya kweli mtu asiye na uzoefu anaweza kuanza nayo? Malipo yanafikaje Tanzania? Na inawezekana bila kuharibu masomo?

Mzee wa Kibaigwa

Pole sana binti yangu. Umefanya vyema kusema, wengi wanaumia kimya. Mtindo huo ni wa siku nyingi, umebadilishwa nguo tu. Sisi mwaka 2009 tuliona watu wakilia na DECI: unapanda mbegu, wa mbele analipwa kwa hela ya wa nyuma, hadi serikali ilipoingilia. Ile 4,000 uliyopewa ilikuwa sehemu ya 30,000 yako mwenyewe.

Nina neno moja la masomo, halafu nawaachia vijana wanaojua kompyuta. Nimesoma na kijana hodari kuliko sisi wote, akaanza kushika hela akiwa mwaka wa pili, mwaka wa tatu akadisko, akaondolewa chuo kwa kufeli. Weka mpaka. Wiki tatu kabla ya mitihani, usipokee kazi ya mtu.

Njia Fupi

Dada usihangaike. Kuna watu wanakodisha akaunti za Upwork, ile tovuti ya kutafutia kazi za mtandaoni, zilizokwisha kuthibitishwa, zina nyota tayari. Unaingia unafanya kazi, mnagawana na mwenyewe. Ndiyo njia ya haraka ya kupata wateja wa Marekani.

Sikio la Tatu

Njia Fupi, hapana. Upwork hairuhusu akaunti ya mtu kutumiwa na mwingine. Siku wakiomba kuhakiki sura na kitambulisho, akaunti inafungwa na hela iliyomo inakwama. Na hata isipofungwa, hela inaingia kwa mwenye akaunti. Akikuzimia simu utampeleka wapi? Dada ameshapigwa mara moja, tusimpeleke kwa mwingine.

Binti wa Simiyu, nimesoma andiko lako mara mbili. Umetaja laptopu, umetaja kuchapa, ila umepita juu ya kitu kikubwa kuliko vyote. Wewe ni mtu wa Bariadi. Kisukuma unakijua?

Binti wa Simiyu

Mzee wa Kibaigwa, asante baba, nimelishika la wiki tatu.

Sikio la Tatu, ndiyo, nyumbani tunaongea Kisukuma. Nilianza Kiswahili darasa la kwanza. Kwa nini unauliza?

Sikio la Tatu

Mwangaluka, mdogo wangu. Sasa nisikilize vizuri, maana hii ndiyo kazi iliyonisomesha mimi.

Watafiti wa afya, elimu na kilimo wanazunguka Kanda ya Ziwa kila mwaka. Wanakaa na kina mama zahanati, wanakaa na wakulima wa pamba chini ya mti, wanarekodi mahojiano. Wakirudi mjini wana saa nyingi za sauti, na hakuna mchambuzi anayefanya kazi na sauti tupu. Lazima kila neno liandikwe, halafu mara nyingi litafsiriwe kwa Kiingereza. Kazi hiyo inaitwa kunukuu mahojiano. Taasisi za utafiti wa afya kama NIMR na Ifakara hufanya tafiti za aina hii, na kuna wanafunzi wa uzamili na uzamivu, tena wengine wapo hapo hapo chuoni kwenu, wanakesha na sauti zao peke yao kwa sababu hawajui wampe nani. Faili linatumwa kwa mtandao, unafanyia chumbani, unarudisha kwa mtandao.

Utaambiwa siku hizi kompyuta inanukuu yenyewe. Kwa Kiswahili cha mtangazaji wa redio inajitahidi, na makosa ya kurekebisha yanabaki. Mlete bibi wa Maswa anayeanza sentensi kwa Kiswahili, katikati anaingia Kisukuma, anamalizia kwa methali, huku jogoo anawika na mtoto analia. Hapo mashine inaandika vitu vya ajabu. Wewe unasikia bibi yako anaongea.

Utaratibu ni huu. Pakua VLC, au fungua oTranscribe kwenye kivinjari. Zote ni bure, zote zinapunguza mwendo wa sauti, na oTranscribe inakuwezesha kusimamisha na kurudisha nyuma bila kutoa mikono kwenye kibodi. Muulize mteja kabla hujaanza kama anataka kila "eeh", kicheko na kusitasita, au anataka maneno yaliyosafishwa. Hizo ni kazi mbili tofauti, na bei zake ni mbili tofauti. Pasiposikika, andika [haisikiki] pamoja na dakika yenyewe. Usibuni. Mtu akisema "nilikunywa dawa siku mbili" wewe ukasikia "siku tatu", umeharibu utafiti wa mtu na pengine tiba ya watu.

Kuhusu muda, saa moja ya sauti kwa aliyezoea ni kama saa nne za kazi. Wewe mwanzoni hesabu sita hadi nane, na kutafsiri ni juu ya hapo. Mimi kazi ya kwanza nilikubali 10,000 kwa saa ya sauti nikidhani nimepata. Nililala saa tisa usiku siku nne mfululizo. Baadaye nilipojua kazi nikafika 35,000 na kutafsiri nikahesabu mbali. Usiseme bei kabla hujasikiliza dakika tano za sauti yenyewe. Warsha ya watu wanane wanaoingiliana maneno si sawa na mahojiano ya mtu mmoja.

Na usiri. Hili nalisema kwa uzito. Mle ndani kuna mtu anaeleza hali yake ya VVU, kuna msichana anaeleza alivyoumizwa. Usisikilize kwa spika mbele ya mwenzako wa chumba, usipakie faili kwenye tovuti yoyote ya bure ili likunukulie, usihifadhi simuni. Majina unaweka namba, "Mshiriki 04". Mteja akithibitisha amepokea kila kitu, futa. Nimewahi kumwona mtu akikosa kazi kabisa kwa kusimulia tu kijiweni alichosikia. Alistahili kukosa.

Eldoret Baridi

Mkenya hapa, nimekuwa kwa kazi za mtandaoni tangu nikiwa chuo. Naongezea machache.

Huku kwetu wanafunzi wengi walianza na kuandikia watu wa ng'ambo asaimenti zao. Mimi pia niliandika, miaka miwili. Dada, usiingie. England ilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya biashara hiyo kuwa kosa. Na ukiacha sheria, wewe unasomea ualimu. Utasimama vipi darasani kumkataza mtoto kunakili ilhali ulilipwa kuwasaidia wengine kudanganya? Nilipoacha nililala usingizi mzuri.

Pili, usiweke mayai yote kwa mtandao mmoja wa kazi. Machi 2024 Remotasks ilifunga kwa Wakenya ghafla, na kuna majirani waliokuwa wanategemea hiyo tu kulipa nyumba.

Hiyo ya Sikio la Tatu ni nzuri. Ukitaka kuzoea kutafsiri, jiunge na Translators without Borders. Ni ya kujitolea, hailipi, lakini unapata kazi halisi ya kuonyesha mteja. Fiverr, soko la kuuza huduma mtandaoni, nayo ni sawa, ila ujue inakata asilimia 20, na hela ya muuzaji mpya inakaa siku 14 kabla hujaigusa. Usiitegemee kwa kodi ya mwezi huu.

Daftari la Hesabu

Kwenye malipo mniachie mimi, nimeumia huko.

PayPal ya Tanzania inakuruhusu kulipa, kupokea hairuhusu. Wakenya wao wanapokea na kuhamishia M-Pesa, ndiyo maana ushauri wa mitandao ya Kenya ukiufuata hapa unakwama. Kuna vijana wanafungua PayPal kwa kudanganya nchi. Ikigundulika inafungwa na salio ndani. Kwa mteja wa nje tumia Payoneer, huduma ya kupokea malipo kutoka nje, unahamishia benki ya hapa. Jina la Payoneer, la kitambulisho cha NIDA na la akaunti ya benki yafanane, hadi jina la katikati. Mimi nilikuwa na herufi moja tofauti, nikasubiri wiki tano. Soma na ukurasa wa makato yao, maana hela ndogo ndogo inaliwa na ada.

Kwa mteja wa hapa hapa huhitaji yote hayo. Mwombe nusu kabla ya kuanza, kwa simu, nusu ukikabidhi. Mtafiti wa kweli hakatai. Na anayekutaka wewe utoe hela kwanza ndipo upewe kazi, iwe ya usajili, ya mafunzo au ya kitambulisho, muage hapo hapo.

Mama Vitenge Kirumba

Mimi si mtu wa kompyuta, nina duka la vitenge hapa Mwanza. Nimesoma yote nikaona niseme upande wa mteja.

Sisi wenye maduka tunahitaji watu kama huyu binti na hatujui wako wapi. Nina ukurasa wa Instagram na WhatsApp ya biashara. Mzigo ukija napiga picha, lakini sina muda wa kuandika bei, kupanga, wala kujibu mtu aliyeuliza saa nne usiku. Kuna kijana alinifanyia miezi sita kwa 60,000 kwa mwezi, akapata ajira akaondoka. Wateja waliokuwa wanajibiwa haraka wakapotea. Hakuwa na ujuzi mkubwa, ila alijua kuandika Kiswahili kizuri na kunijibu simu.

Binti, nikija kukupa kazi sitakuuliza cheti. Nitakuangalia ulivyoniandikia. Hapo juu umeandika vizuri, nukta na mkato mahali pake. Niandikie kwa siri, tuongee.

Njia Fupi

Sikio la Tatu, nimekuelewa. Mimi mwenyewe nimekodi akaunti tangu Januari na mwenye akaunti hajanipa ya mwezi uliopita. Nilidhani ni kuchelewa tu.

Sikio la Tatu

Pole ndugu yangu. Mtumie ujumbe wa maandishi wenye tarehe na kiasi, utunze majibu yake, na usianze kazi mpya humo. Fungua ya kwako hata kama haina nyota hata moja.

Binti wa Simiyu, jinsi ya kuanza: rekodi mwenyewe mazungumzo ya dakika kumi na mama yako kwa simu, kwa ruhusa yake, juu ya biashara ya dagaa. Yanukuu, yatafsiri. Huo ndio mfano wako wa kazi, na hauna siri ya mtu. Kisha ukaongee na mhadhiri wako mmoja wa isimu na mmoja wa jiografia. Usiwaambie unatafuta kazi yoyote, waambie unanukuu Kiswahili na Kisukuma.

Binti wa Simiyu (wiki saba baadaye)

Wakuu, nimerudi kama nilivyowaahidi wale mlioniandikia kwa siri.

Nilimrekodi mama. Tulipanga dakika kumi, tukaongea arobaini. Sikuwahi kumuuliza alianzaje biashara, na nilikuwa nasimamisha sauti nalia, naendelea. Nilichukua zaidi ya saa moja kunukuu zile kumi za mwanzo, kwa hiyo Sikio la Tatu alisema kweli kabisa.

Mhadhiri wa isimu alisoma mfano wangu akasahihisha tafsiri sehemu nne. Kuna neno nilikuwa nimeandika "shida" na mama alimaanisha "madeni". Akanipa namba ya dada anayesoma uzamili, anatafiti akina mama wa vijijini Meatu. Alinipa sauti mbili kwanza, kama jaribio la kulipwa, nusu mkononi. Nimemaliza sita. Nimepata 150,000 hadi sasa, na 60,000 ya Kirumba inaanza mwisho wa mwezi huu. Mama Vitenge, asante, najibu wateja wako saa mbili hadi saa nne usiku nikitoka kujisomea.

Laptopu nimeibadilisha betri. Mdogo wangu nimemtumia ya mchango wa mitihani, mama hajui ilikotoka, anadhani ni bumu.

Kuanzia Jumatatu nimefunga kazi ya sauti, mitihani imebaki wiki tatu. Dada wa Meatu nilimwambia mapema, amekubali kusubiri.

Nina swali moja tena. Kwenye sauti ya saba kuna bibi anaimba wimbo wa kulima, kama dakika mbili, Kisukuma cha zamani, maneno mengine mimi mwenyewe siyajui. Niandike nilivyosikia tu, au nimpigie mama nimwimbie yale maneno bila kumtaja aliyeimba? Naogopa kuvunja usiri.

Sikio la Tatu

Hongera sana mdogo wangu. Usimpigie mama kwanza. Muulize mwenye utafiti, sauti ni yake na ruhusa ya yule bibi anayo yeye. Akikubali, toa neno moja moja lililokushinda, usitoe wimbo mzima. Wakati unasubiri jibu, andika ulivyosikia, na pale usipojua weka mabano na dakika.

Binti wa Simiyu

Wabeja sana. Namwandikia sasa hivi.