NIMEITWA "FUNDI WA BETRI" MBELE YA WATU, NA ALIYENIITA HAJUI MASHINE ZA SAA 2121 NA 7121 ZINATOFAUTIANA WAPI

SpringiKuu ameandika:

Wakuu, salaam. Mikono inatetemeka tangu jana, na kwa kazi yangu mkono ukitetemeka ndiyo njaa imeingia nyumbani. Leo sijashika kibano hata mara moja.

Simtaji, nitamwita Mtaalamu tu. Mnamjua. Yule anayekunja mkono wa kushoto wa kanzu peke yake, Julai na Januari, ili saa ionekane. Yule ambaye kila uzi wa saa humu lazima aingie na "mimi hiyo nimeishika mkononi". Mkono wake ungekuwa umeshika vyote anavyodai, ungekuwa na urefu wa kutoka Mutrah mpaka Unguja.

Jana baada ya Isha tulikuwa kwenye majilisi ya mzee mmoja hapa Muscat, mteja wangu wa miaka mingi. Watu kumi na wawili, kahawa inazunguka, haluwa imeletwa ingali moto. Mzee ana Royal Oak ya zamani, saa ya Audemars Piguet wa Uswisi, toleo lile lililoanza 1972, ndani yake mashine 2121. Mimi ndiye niliyeifungua, nikaiosha, nikaitia mafuta, wiki mbili nimelala nayo na kuamka nayo. Mzee haivai kila siku, na mashine ile ikijaa inakwenda saa 40 tu, kwa hiyo ilikuwa imesimama. Tarehe inasoma 14, sisi tuko 19.

Mtaalamu akaomba aione. Akavuta taji, kile kifundo cha ubavuni. Akazungusha huku. Akazungusha kule. Tarehe haikuruka. Akanyanyua kichwa, akatazama watu wote mmoja mmoja, akasema: "Tarehe imekufa hii. Nani kaifungua? Yule fundi wa betri?"

Fundi wa betri! Na mimi nimekaa hatua mbili kutoka alipo, tonge la haluwa limejaa mdomo. Watu walicheka mpaka kikombe kikaanguka.

Jamani, 2121 HAINA kuruka tarehe, yaani kubadilisha tarehe kwa taji bila kuzungusha mishale. Haikuzaliwa nayo. Ukitaka kusogeza siku unavusha mishale saa sita ya usiku, unarudisha nyuma, unavusha tena, mpaka ufike. Kuitafutia 2121 tarehe ya kuruka na ukaikosa, kisha ukasema imekufa, ni kumpeleka jogoo kwa daktari kwa sababu hatagi.

Na kinachoniunguza zaidi: robo saa kabla ya hapo, mtu huyu huyu alikuwa anatuhubiria kwamba 7121 iliyotoka 2022, Royal Oak ilipotimiza miaka 50, ni 2121 ile ile, "wamefuta 2 ya mwanzo wakaandika 7". Sasa kama ni ile ile, mbona ulivuta taji ukitegemea tarehe iruke? Kwa sababu 7121 INARUKA! Uliishika hiyo (labda, siku moja, dukani, dakika tatu), ukaja kumtukania mwenzio kwa nyingine!

Nisikilizeni. Mashine iliyozaa 2121 ilitoka 1967 kwa Jaeger-LeCoultre, kule Le Sentier, bonde la Joux, kwa namba 920. Unene wake milimita 2.45, na ndani yake kuna rota (kile kipande kinachozunguka mkono ukisogea, kikajaza springi) kamili ya katikati, inayopita juu ya mashine nzima. Audemars Piguet wakaiita 2120, Vacheron Constantin 1120, Patek Philippe 28-255. Walioitengeneza wenyewe hawakuivalisha saa yao hata moja. Rota ikiwa nyembamba na pana vile, ukiishika katikati tu itayumba na kukwaruza madaraja, vile vipande vinavyoshika magurudumu, yaliyo chini yake. Kwa hiyo wakaizungushia reli ukingoni, na reli inateleza juu ya vigurudumu vinne vya rubi. Pipa la springi nalo limeshikwa upande mmoja tu, kama roshani isiyo na nguzo. Wakaongeza tarehe, unene ukawa milimita 3.05, hiyo ndiyo 2121. Vigurudumu vile nimevitoa na kuvirudisha kwa mikono hii. Ukipiga chafya umepoteza kimoja na usiku mzima unatambaa sakafuni na tochi.

Sasa 7121. Reli na vigurudumu vya rubi vimeondoka, rota inakaa kwenye beringi ya gololi. Mapigo 19,800 kwa saa yamekuwa 28,800. Mapigo yakizidi springi inaliwa haraka, lakini akiba ya mwendo haikushuka, imepanda kutoka saa 40 mpaka 55, kwa sababu pipa limekua. Na pipa likikua ndani ya kitu chembamba kama biskuti, kila jirani yake anahama. Mashine imepanuka ikafika milimita 29.6. Tarehe sasa inaruka kwa taji. Baada ya yote hayo unene umetoka 3.05 ukawa 3.2. Sehemu 15 za mia za milimita! Nywele mbili! Na kasha la nje limebaki milimita 39 kwa 8.1, kama la 15202, Royal Oak iliyotangulia. Watu wamehamisha nyumba nzima, vitanda, makabati na jiko, bila kuongeza ukuta, halafu mtu anakuja na kahawa yake anasema wamebadilisha namba ya mlangoni.

Fundi wa betri.

Wenye kucheka nawasamehe, hawajui. Lakini mzee naye alicheka. Kisha akaniinamia, kwa upole kabisa, akaniuliza: "Mwanangu, kweli umeiharibu?" Nikameza haluwa nzima nzima. Nilipopata sauti, Mtaalamu alikwishahamia bei za viwanja. Nikaichukua saa, nikavusha mishale usiku mara tano, mbele yao wote, mpaka ikasoma 19. Hakuna aliyetazama. Hata mmoja.

Sitaki ushauri wala subira. Nataka mtu mmoja tu humu aseme kwa sauti kwamba 2121 haina kuruka tarehe.

---

KahawaChungu:
Haina. Nimesema. Na huyo bwana namjua, mwaka jana aliniambia saa yangu ya kujaza kwa mkono "rota yake imekwama". Haina rota!

---

MtuWaTemeke:
Mkuu nimesoma mpaka kwenye haluwa nikaishiwa nguvu. Ilikuwa ya zafarani au ya kawaida?

---

BintiKibokoni:
Pole kaka. Ila tuulizane ukweli, betri hubadilishi? Maana saa ya mama nilikuletea mwenyewe, na ulichofanya ni kubadilisha betri.

---

SpringiKuu:
Dada, betri nabadilisha. Daktari wa moyo naye hupima homa, na hakuna anayemwita daktari wa homa. Sikutukanwa kwa kazi ya betri, nimetukanwa kwa kazi ya 2121 ambayo niliifanya SAWASAWA. Nilikuwa na haluwa mdomoni!

---

NusuMilimita:
Fundi, kwa Mtaalamu niko upande wako, kwa 7121 siko. Wameondoa reli na vile vigurudumu vya rubi, yaani wameondoa kitu pekee kilichonifanya niipende ile mashine. Kuruka tarehe ni kwa wavivu. Mimi namlaumu aliyekaa mezani akasema gololi zinatosha. Kama unene ndio shida tangu mwanzo, rota ndogo ilikuwepo. Piaget walitoa 12P mwaka 1960, rota imezama ndani ya mashine, unene 2.3. Patek wakaja na 240 mwaka 1977, rota ndogo vilevile, na mpaka leo inatengenezwa. Hii habari ya kuweka rota kubwa juu kisha kuipigania kwa reli ni ubishi wa watu wa milimani.

---

SpringiKuu:
Ubishi?? Rota kubwa ina uzito wa kujaza springi hata kwa mtu anayekaa ofisini siku nzima. Wewe fungua uzi wako. Hapa tunazungumza tarehe, na mtu aliyesema IMEKUFA.

---

Mzee_wa_Pangani:
Vijana mnalilia rubi. Mimi niliingia kwenye mtego wa Bouchet-Lassale, otomatiki ya miaka ya 1970, unene milimita 2.08. Waliipunguza mpaka wakatoa madaraja yote, magurudumu yanashikwa na gololi upande mmoja. Ni nzuri machoni kuliko bibi harusi. Ilipochoka nikaipeleka kwa fundi wa kwanza, akaifungua, akaifunga, akaniomba radhi. Wa pili akaniambia niiweke kabatini. Wa tatu hakupokea simu tena. Wembamba una mwisho wake. 0.15 waliyoiongeza hawa wa 2022 mimi ningewabusu mikono.

---

KahawaChungu:
Mzee, niuzie.

---

Mgeni_2121:
Nimepita tu. Huenda huyo mnayemsema alikuwa anatania, na taa za majilisi zilikuwa hafifu. Hata mtu mwenye uzoefu mkubwa anaweza kusahau jambo dogo kama la tarehe.

---

BintiKibokoni:
Umejiunga leo?

---

MtuWaTemeke:
Umejiunga leo na umejuaje taa zilikuwa hafifu? Hakuna aliyetaja taa.

---

SpringiKuu:
TAA ZILIKUWA ZINAWAKA ZOTE. Ungeweza kuokota sindano. Na si jambo dogo! Ulisema imekufa! Ulisema fundi wa betri!

---

Mgeni_2121:
Sijasema mimi ndiye. Nasema tu 7121 nimeishika mkononi.

---

KahawaChungu:
Hahahaaa kanzu imejikunja yenyewe.

---

DerevaWaSalalah:
Nyinyi mnagombania nywele mbili. Mimi nimeuziwa saa "otomatiki, nyembamba, ya Uswisi" na jamaa mmoja wa hapa sokoni, mnamjua, yule wa kofia. Nikashangaa mwezi mzima sijaivaa na inaendelea. Nikafungua kifuniko. Betri! Na rota ya bati imegundishwa juu yake kwa gundi, haizunguki hata ukiitikisa kama chupa ya dawa. Nimerudi, ananiambia "kiti cha otomatiki kipo, otomatiki yenyewe itakuja".

---

MtuWaTemeke:
Hiyo ndiyo saa ya kumpelekea fundi wa betri.

---

SpringiKuu:
Sikufungua uzi huu kwa ajili hiyo.

---

DerevaWaSalalah:
Lakini unaweza kuitazama? Nikija Muscat Alhamisi?

---

SpringiKuu:
Ilete.

---

NusuMilimita:
Kwa walio makini: wembamba wa kweli haukuishia kwenye 7121. Hao hao Audemars Piguet walichukua kalenda yao ya milele, ile inayojua yenyewe miezi mifupi na mirefu, ambayo ilikaa juu ya 2120 ile ya zamani, ikiwa tabaka tatu, wakaishusha zote kwenye tabaka moja. Kutoka unene wa milimita 4.31 mpaka 2.89. Walionyesha 2018. Hapo ndipo utasema mtu amekaa akachora upya. Hii ya 7121 ni ukarabati.

---

SpringiKuu:
Ukarabati wenye mapigo mapya, pipa jipya, rota mpya, tarehe mpya? Ndugu yangu, ukarabati ni kupaka chokaa. Na hata ukiuita ukarabati, si namba tu. Kubali hilo moja tu. SI NAMBA TU.

---

NusuMilimita:
Si namba tu. Nakubali. Ila vigurudumu vya rubi navililia.

---

BintiKibokoni:
Kuna anayejua mkanda wa ngozi wa milimita 18 unapatikana wapi Ruwi? Duka la kwanza nimepewa 20 ukakatwa kwa mkasi mbele ya macho yangu, eti "ngozi inajirekebisha".

---

Mzee_wa_Pangani:
Mkasi! Tanga wangekufukuza na mkanda wako.

---

KahawaChungu:
Mimi nilikatiwa wa chuma. Kwa koleo la waya.

---

MtuWaTemeke:
Nimeuliza tangu asubuhi na hakuna anayejibu. Haluwa ilikuwa ya wapi?

---

SpringiKuu:
Barka. Na 2121 haina kuruka tarehe.

---

Mzee_wa_Pangani:
Barka si mbaya. Lakini hamjala ya Wete nyinyi.

---

DerevaWaSalalah:
Wete wanazidisha sukari.

---

Mzee_wa_Pangani:
Wanazidisha NINI? Wewe umekula ya Wete lini, na nani aliyekupa?