Narudi mbioni baada ya jeraha la kano ya kisigino: nitumieje wati kujiandaa na marathoni?

MguuMwepesi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu,

Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu wa kufanya mazoezi kwa wati, yaani kupima juhudi ya mbio kwa kipimo cha nguvu badala ya kasi. Kano ya kisigino cha kulia, sehemu ya katikati, juu kidogo ya mfupa, iliniweka nje kwa miezi kadhaa. Sasa mfiziotherapia ameniruhusu. Nakimbia dakika 40 bila kusimama, mara tatu kwa wiki. Nikiamka kano inakuwa imekaza kidogo, nikipiga hatua kadhaa inaachia. Marathoni niliyojiandikisha iko mbele kama miezi minne.

Natumia Stryd, kipima nguvu kile cha kubana kwenye kamba za kiatu. Kabla ya kuumia, nguvu kikomo yangu (ile CP, nguvu ya juu unayoweza kuishikilia kwa muda bila kuishiwa haraka) ilikuwa wati 260 nikiwa na kilo 68. Sasa hivi nina kilo 72. Je, niendelee na 260 au nipime upya? Na kwa kuwa mpango wangu wote umeandikwa kwa wati, nikizifuata bila kuzidisha, si nitakuwa salama? Saa yangu ya mkononi nayo inatoa wati, lakini ziko juu kuliko za kwenye kiatu. Niamini ipi?

Kocha_wa_Jioni

Karibu tena barabarani mkuu. Nianze na 260, maana hapo ndipo hatari ilipo.

Mbio nyepesi huwa tunaziweka kati ya asilimia 65 na 80 ya nguvu kikomo. Kwa 260 hiyo ni wati 169 hadi 208. Sasa chukulia kwamba baada ya miezi ya kukaa umeshuka hadi 230. Zile 208 unazoziita nyepesi zitakuwa asilimia 90 ya uwezo wako wa leo, yaani unagusa mazoezi magumu kila ukitoka huku mpango unakuambia umepumzika. Futa 260 leo hii.

Kuhusu uzito: kipima nguvu kinakokotoa wati kwa kutumia kilo ulizoziandika. Ukibadilisha 68 kuwa 72, wati zitapanda karibu asilimia 6 kwa mwendo uleule, na utashangilia maendeleo hewa. Weka kilo za sasa, anza hesabu upya, na usiguse tena hadi mashindano yapite hata kama utapungua kilo moja. Ukitaka kujilinganisha na zamani, gawa wati kwa kilo. Ulikuwa na 3.8.

Saa na kipima cha kiatuni: chagua kimoja, sahau kingine. Kwenye baiskeli kuna kifaa kinachopima msukumo wa pedali moja kwa moja. Kwenye mbio hakuna kitu kama hicho, kila kampuni inakisia kwa fomula yake kutokana na mwendo, mtikisiko na mwinuko. Namba za chombo kimoja hazihamii kwenye kingine.

PumziKwanza

Mimi nitakuwa mbishi. Wati za nini, mkuu? Watu wamemaliza kilomita 42.195 tangu zamani kwa kusikiliza pumzi zao. Mtu aliyetoka kwenye jeraha anatakiwa kusikiliza mguu, wewe unamwongezea namba nyingine ya kuitazama. Kimbia uweze kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kuongea, punguza. Kwisha.

Kocha_wa_Jioni

@PumziKwanza kwa mbio nyepesi sikupingi hata kidogo. Ila kwenye vilima mapigo ya moyo huchelewa, unakuwa umeshajichosha ndipo yanapanda. Wati hubadilika papo hapo. Hapo zina kazi.

Fizio_Mstaafu

Nimetibu kano hizi miaka mingi, naomba nijibu lile swali la usalama kwa sababu wenzangu wamelipita.

Hapana, kufuata wati hakukulindi. Wati zinakisia kazi ambayo mwili mzima unafanya. Hazijui mzigo umeangukia wapi. Moyo na mapafu hurudi haraka, kano hurudi polepole sana, na hicho ndicho kipindi ulichomo: injini inakuruhusu kufanya jambo ambalo kamba inayokuvuta haijakomaa kulibeba. Mfano mzuri ni mlima. Ukipanda kwa wati zilezile za tambarare, kifaa kinasema kazi ni ileile, lakini kifundo cha mguu kinakunjwa zaidi na kano inanyooshwa ikiwa imebeba mzigo. Ukiteremka, wati zinashuka, na ukijaribu kuzirudisha juu itabidi ukimbie kama unafukuzwa. Mapaja na magoti ndiyo yatakayolipa. Kwenye mteremko achana na wati kabisa.

Kwa hiyo kwako wati ni dari. Hakuna kuzifukuza ili zitimie. Kinachoamua kama kesho unaongeza ni asubuhi: piga hatua za kwanza, jipe alama ya maumivu kutoka 0 hadi 10, iandike. Kuna mwongozo unaotumika sana kwa kano ya kisigino unaovumilia maumivu hadi 5 wakati wa zoezi, mradi yawe yametulia kesho yake asubuhi na yasipande wiki hadi wiki. Binafsi kwa anayejiandaa na marathoni napenda asipite 3. Na hili ni la kano tu! Anayesoma uzi huu akiwa na maumivu ya mfupa, yale ya sehemu moja ukibonyeza kwa kidole unaruka, asitumie kanuni hii. Asimame akapimwe.

Halafu mazoezi ya kushusha kisigino kwenye ukingo wa ngazi usiyaache kwa sababu tu umeanza kukimbia. Utaratibu wa Alfredson, daktari wa Sweden, wa mwaka 1998 ulikuwa marudio 15 mara tatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12, goti likiwa limenyooka na pia likiwa limekunjwa kidogo. Lile la goti kukunjwa watu hulidharau, wakati ndilo linaloamsha msuli wa ndani wa shavu la mguu unaofanya kazi kubwa ukikimbia.

MguuMwepesi

Asanteni sana wakuu, nimepata mwanga. Sasa kipimo chenyewe nikifanyeje? Niliwahi kufanya kile cha dakika 3 kwa nguvu zote, unapumzika, halafu dakika 12.

Kocha_wa_Jioni

Hesabu yake ni hii, kwa wasioijua. Tuseme dakika 3 umetoa wastani wa wati 300, dakika 12 umetoa 264. Zidisha kila moja kwa sekunde zake: 54,000 na 190,080. Tofauti ni 136,080. Gawa kwa tofauti ya sekunde, 540, unapata 252. Hiyo ndiyo nguvu kikomo.

Ila wewe usikifanye sasa. Zile dakika 3 ni mbio za kasi ambazo kano yako haijazoea. Kwa wiki sita au zaidi za mwanzo kaa kwenye mbio nyepesi kwa pumzi, kama alivyosema PumziKwanza (leo nimekubali, msinizoeshe), na uandike tu wati zilizotoka. Mapigo ya moyo yakibaki palepale huku wati zinapanda, unajua uwezo unarudi. Ukishaweza kufanya vipande vya dakika 8 au 10 vya mwendo mgumu kiasi bila asubuhi kulalamika, ndipo upime.

Kwa siku yenyewe, kadiri utakavyokaa barabarani muda mrefu ndivyo asilimia inavyoshuka. Wanaomaliza kwa muda wa karibu saa tatu hukimbia kwenye asilimia 88 hivi ya nguvu kikomo, wanaotumia saa nne na kuendelea washuke kwenye 80 au pungufu. Ukipata 240, anzia 195 na usiguse 205 nusu ya kwanza, hata kwenye kilima. Kukiwa na joto kali punguza tena, kwa sababu kifaa hakihisi mwili unavyochemka.

PumziKwanza

Msikieni huyo, amekubali.

@MguuMwepesi swali dogo: kifaa umekibana kiatu cha mguu upi?

MguuMwepesi

Cha kushoto, ule mzima.

Fizio_Mstaafu

Basi kinasoma mguu mzima peke yake. Kama unachechemea kidogo kulia, hakitakuonyesha. Usikihamishe, namba zitavurugika. Mwombe mtu akurekodi video kwa nyuma mwishoni mwa mbio ndefu, ukiwa umechoka, uangalie kama visigino vyote viwili vinanyanyuka sawa. Kama cha kulia kinavivia, wiki hiyo usiongeze umbali, hata kama wati zinapendeza.