Msaada: alama za njano zimejaa kwenye Event Viewer baada ya kuhamia Windows 11

Hesabu_Safi: Wakuu, habari za jioni. Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wiki hiyohiyo nikahamia 11. Sasa laptopu inaganda. Nimefungua Event Viewer (sehemu ya Windows inayoandika matukio na makosa ya mashine) nimekuta maonyo ya njano kibao, mengi ni DistributedCOM 10016. Nayafutaje? Sina amani kabisa.

Mpare_Halisi: Mnatumia Windows za kuchakachua halafu mnalia. Nunua leseni dada.

Kibo_Tech: 10016 haina madhara. Programu imeomba ruhusa, ikanyimwa, ikapita njia nyingine. Microsoft wenyewe wanasema iachwe. Ila 10016 haigandishi mashine. Alama nyekundu za makosa hakuna?

Babu_wa_Tanga: Mimi nilihama huko zamani, niko Ubuntu, mfumo wa Linux badala ya Windows. Naandika journalctl -p err -b naona makosa yote tangu nilipowasha. ACPI BIOS Error inatoka kila asubuhi na mashine inadunda tu. Mjukuu wangu anaitumia kusomea. Hamieni huku wanangu.

Hesabu_Safi: Shikamoo babu, asante. Nyekundu zipo, zimeandikwa disk, namba 7. Na njano nyingine ni 153. Sikuzitaja kwa sababu fundi kasema ni apdeti tu. Nusu ya hela nimeshampa, kesho anakuja kupiga Windows upya.

Kibo_Tech: Hebu subiri! Namba 7 maana yake diski ina bloku mbovu. 153 ni ombi la kusoma au kuandika lililobidi lirudiwe. Hiyo ni diski inakufa, na kupiga Windows juu yake hakuiponyi. Humo ndani kuna nini?

Hesabu_Safi: Kazi zangu tu.

Kibo_Tech: Kazi gani?

Hesabu_Safi: Hesabu za kikoba. Mimi ndiye mweka hazina, nakala ni hiyo moja, na mwezi huu wa 12 tunavunja kikoba tugawane. Lakini fundi namwamini, ni mtu wa siku nyingi. Amesema ikishindikana atabonyeza Go back turudi Windows 10 bila kupoteza kitu.

Sitaki_Chai: Hapo ndipo umejikaanga. Go back inakaa siku 10 tu, kisha Windows.old, folda yenye Windows ya zamani, inafutwa. Umehamia Oktoba, leo Desemba, unarudi vipi? Na hesabu zife wiki ya mgao? Huyu anatengeneza uzi wa kuwaonyesha wanachama wake. Chai hii, tena ya tangawizi.

Mpare_Halisi: Mweka hazina wetu naye simu "iliibiwa" Desemba.

Hesabu_Safi: Sijala hela ya mtu! Katibu ana daftari la michango yote. Kwenye laptopu ni mikopo na riba. Hiyo ya Go back nimeambiwa na fundi, mimi ningejuaje?

Kibo_Tech: Basi chai kakunywesha fundi. Sitaki_Chai, mwache dada apumue, hata kama ni hadithi kuna mtu mwingine atasoma. Dada, usifomati, na usikimbize chkdsk /r (amri ya kukagua diski) kwanza, inailazimisha diski mgonjwa isomwe yote. Tafuta diski ya nje, nakili folda ya mikopo kabla ya picha na miziki. Ikiganda, izime, mtu aitoe diski aiunge kwa USB kwenye kompyuta nyingine. Kisha ununue diski mpya ya SSD. Na mwenyekiti ajue leo, asije akasikia siku ya mgao.

Sitaki_Chai: Alete picha ya hiyo namba 7.

Hesabu_Safi: Siiwashi tena kwa ajili ya picha. Nimempigia mwenyekiti, kafoka, ila anakuja na diski yake. Fundi nimemwambia asije. Sasa ile nusu niliyompa, inarudi kweli?

Mpare_Halisi: Hiyo sahau.